Ajali Moja, Mashahidi Wanne: Kumfundisha Mwanafunzi Kuandika kwa Macho ya Mtu Mwingine

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Busia. Nikiwaambia wanafunzi wa kidato cha pili waandike insha ya kubuni, wengi huanza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema, jua lilikuwa likichomoza na ndege wakiimba." Wengi humaliza hivi: "Hapo ndipo niliposadiki kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Katikati ya insha yumo mtu, lakini humjui ni nani. Awe mwizi, awe mama mgonjwa, awe polisi, wote wanasema kwa sauti ile ile ya mwanafunzi anayemchungulia mwalimu kuona kama amefurahi.

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Tumepokea darasani watoto wanaokisikia sokoni tu na wengine ambao hawajawahi kukisikia kabisa. Walimu wengi tumeamua kwamba uandishi wa kubuni usubiri mpaka sarufi ikomae. Sikubaliani na uamuzi huo. Kumwandika mtu mwingine kutoka ndani yake ndiyo njia nzuri kuliko zote nilizojaribu ya kuifundisha sarufi yenyewe, kwa sababu katika Kiswahili mtazamo wa msimulizi umejificha ndani ya viambishi, ndani ya vionyeshi, na ndani ya majina tunayoitana.

Unahitaji vipindi vinne au vitano vya dakika 40, ubao, chaki, na nusu karatasi kwa kila mwanafunzi. Vitabu vya ziada havihitajiki.

Hatua ya kwanza: chagua tukio dogo

Usianze na vita, kifo wala mafuriko. Jambo likiwa kubwa, mtoto hukimbilia maneno aliyoyasikia redioni na unapata darasa zima la "machozi yalinitiririka njia mbili mbili". Chagua jambo la nusu dakika ambalo kila mtu amewahi kuliona. Mimi huandika ubaoni sentensi hizi, bila sifa wala hisia:

Pikipiki inakuja sokoni. Imebeba dereva na msichana. Msichana ameshika trei ya mayai 30. Mbuzi anavuka njia. Pikipiki inasimama ghafla. Mayai yanaanguka juu ya fungu la nyanya.

Basi. Usiongeze kitu. Ukifundisha Gulu, Mbarara au kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria, tafuta tukio la hapo ulipo: mtumbwi uliogongana na mwingine wakati wa kushusha samaki, ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la jirani. Muhimu liwe na watu watatu au wanne waliosimama mahali tofauti, na kila mmoja awe na kitu cha kupoteza.

Hatua ya pili: mdomo kwanza, kalamu baadaye

Ita wanafunzi wanne mbele: dereva wa boda, msichana wa mayai, mama wa nyanya, na mtu aliyekuwa anatazama kutoka mbali. Kwa yule wa nne, mimi hupenda kumweka mmoja wa wale wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za walemavu za magurudumu matatu. Busia kila mtu anawajua, na kutoka kwenye kiti chao cha chini wanaliona soko tofauti na mtu aliyesimama.

Darasa lililobaki ni askari wa trafiki. Kazi yao ni kuuliza maswali. Mashahidi wana masharti mawili. Hawaruhusiwi kusema walivyojisikia, ila walichokiona, walichokisikia, walichokigusa na walichokifanya. Na palipo na jambo ambalo mtu huyo hawezi kulijua, lazima ajibu "sijui".

Sharti hili la pili ndilo linalozaa matunda. Mara ya kwanza nilipolijaribu, kijana aliyekuwa dereva aliulizwa mayai yalikuwa mangapi, naye akajibu bila kusita: "Thelathini." Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Umejuaje? Wewe ulikuwa mbele, mayai yalikuwa mgongoni kwako. Uliyahesabu saa ngapi?" Darasa zima likapiga makofi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya mipaka ya msimulizi. Sikuyahitaji tena.

Anayekwama kwa kukosa neno, mwache aseme kwanza kwa Lusamia, Ateso, Dhopadhola au Luganda, kisha wenzake wamsaidie kulivusha jambo hilo katika Kiswahili. Najua shule nyingi zinakataza lugha za nyumbani darasani. Lakini mtoto anayetafuta neno hawezi kwa wakati huo huo kumtafuta mtu, na katika hatua hii tunamtafuta mtu.

Hatua ya tatu: orodha ya asiyoyajua

Gawa ubao sehemu nne, moja kwa kila shahidi. Juu ya kila sehemu andika maswali matatu: Amekaa wapi na anaona nini kutoka hapo? Anataka nini saa hiyo? Ni jambo gani hawezi kulijua?

Tumia muda mrefu kwenye swali la mwisho. Mama wa nyanya hajui kwamba dereva amekopa petroli ya siku hiyo. Dereva hajui kwamba nyanya zile zilipangwa tangu alfajiri. Msichana hajui mbuzi ni wa nani, na huenda hakumwona kabisa kwa sababu ya mgongo wa dereva. Mwanafunzi akishayaona matundu hayo, hadithi huanza kujiandika, maana watu hugombana mahali ambapo mmoja hajui anachokijua mwenzake.

Hatua ya nne: sarufi kama macho

Hapa tulia. Hii ndiyo hatua ambayo walimu wengi huipita haraka, na ndiyo yenye utajiri wote.

Wanafunzi wengi hudhani kubadilisha mtazamo ni kung'oa *ni-* na kupachika *a-*. "Niliogopa sana" inageuka kuwa "Aliogopa sana", na kazi imekwisha. Waonyeshe kwamba hapo hakuna kilichobadilika ila herufi. Kisha waonyeshe mahali ambapo macho yanabadilika kweli.

Anza na vitenzi *kuja* na *kwenda*. Rudi ubaoni kwenye sentensi yako ya kwanza: "Pikipiki inakuja sokoni." Waulize: nani anasema "inakuja"? Wape muda. Ni mtu aliyekwisha kuwa sokoni. Dereva akijisemea kichwani hawezi kusema pikipiki "inakuja sokoni" akiwa bado njiani. Kwake yeye inakwenda sokoni. Kumbe hata yale maandishi yako ya ubaoni, uliyodhani hayana upande, yalikuwa yamesimama karibu na nyanya. Nimewaona wanafunzi wakishtuka hapa, na mimi mwenyewe nilishtuka siku nilipoligundua.

Endelea na vionyeshi. "Mbuzi huyu", "mbuzi huyo" na "mbuzi yule" ni umbali tatu kutoka kwa msemaji. Mama wa nyanya akisema "mbuzi huyu", mbuzi bado yupo miguuni pake anatafuna nyanya. Akisema "mbuzi yule", ameshakimbia, au mama anasimulia jioni akiwa nyumbani. Mpe kila mwanafunzi sentensi moja abadilishe kionyeshi peke yake, kisha aeleze msemaji amesogea wapi.

Halafu majina ya kuitana. Andika katikati ya ubao: "mwanamke wa nyanya". Zungusha watu wanaomjua. Dereva anamwita "mama". Mume wake anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Mama fulani. Wifi yake anamwita "wifi". Mkusanyaji ushuru wa soko anamwita "wewe wa nyanya". Mteja wake wa kila siku anamwita "kastoma", naye anamjibu "kastoma" vile vile. Mtu ni mmoja. Msomaji akikutana na neno "wifi" katika mstari wa kwanza, ameshajua macho ni ya nani kabla hujamwambia chochote. Ndiyo sababu huwakataza wanafunzi kuanza na "Mimi ninaitwa fulani na mimi ni dereva wa boda boda". Hakuna dereva anayejitambulisha hivyo kichwani mwake.

Sasa lawama. Kiswahili kina namna nzuri ya kumficha mtenda na namna nzuri ya kumshika. Andika sentensi tatu, moja chini ya nyingine: "Mayai yamevunjika." "Mayai yamevunjwa." "Umevunja mayai." Uliza: ipi itasemwa na dereva, ipi na msichana, ipi na mama yake msichana jioni? Kila darasa nililolifundisha limejibu sawa bila kusaidiwa. Dereva anachagua *-ik-*, kwa sababu katika *yamevunjika* hakuna mtu; mayai yamejivunjikia. Msichana anachagua *-w-*, kwa sababu anataka tujue kuna aliyeyavunja, lakini anaogopa kumtaja. Mama anamtazama mtoto wake machoni na kusema *umevunja*. Watoto hawa walikuwa wamefundishwa kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa mwaka mzima wakazisahau. Siku hiyo walizishika, kwa sababu walijua kila moja inamfaa nani.

Mwisho, udogo na ukubwa. Nyumba, kijumba, jumba. Mtu, kijitu, jitu. Mwanafunzi mmoja aliyeandika kama mama wa nyanya alimwita dereva "kijitu hiki hakina adabu". Hakusema "hana adabu". Alimtoa mwenzake katika ngeli ya watu akamtupa katika ngeli ya vitu. Nilisoma sentensi hiyo mbele ya darasa mara mbili, nikauliza hasira imekaa wapi. Wakanionyesha: kwenye *hiki* na kwenye *haki-*.

Hatua ya tano: nafsi ya msimulizi

Sasa tu ndipo nafsi zinapofundishika. Nafsi ya kwanza ni rahisi kuingia na ngumu kukaa: ni mtu mmoja, macho mawili, na asichokiona hakimo. Nafsi ya tatu iliyo karibu husema "alimwona", "aliwaza", lakini imebaki begani kwa mtu mmoja. Msimulizi maizi, anayejua yote, watoto wamemzoea tangu wakiwa wadogo kwa bibi zao; aliyekulia penye Luganda akisikia "Awo olwatuuka", maneno ya kufungulia hadithi, anajua msimulizi ataingia hata ndani ya tumbo la fisi na kutoka na habari. Nafsi ya pili, "unapanda, unashika trei, unaambiwa kaa vizuri", ijaribuni mara moja kwa aya moja tu. Inafaa kwa mtu anayejilaumu.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika *a-* na *yeye*. Wanafunzi wetu wanasoma masomo mengine kwa Kiingereza, na huko kiwakilishi kinawaambia kama ni mwanamume au mwanamke. Wakirudi kwenye Kiswahili wanaandika "alimwambia kwamba atamlipa" na hujui nani anamlipa nani. Waambie watumie cheo, udugu au kazi kila watu wawili wanapokutana katika sentensi moja. Wenye kipaji waambie kinyume pia: wanaweza kumweka mhusika ukurasa mzima bila msomaji kujua kama ni mwanamke au mwanamume, jambo ambalo Kiingereza hakiliruhusu kirahisi.

Hatua ya sita: kuandika

Dakika 15, nusu karatasi, shahidi mmoja. Usiwape ukurasa mzima. Nafasi kubwa huwarudisha kwa ndege wanaoimba. Darasa likiwa na wanafunzi 80 au zaidi, kama yalivyo madarasa yetu mengi, gawa kwa safu: safu ya dirishani ni dereva, inayofuata ni msichana, na kuendelea. Kila mmoja anaandika peke yake, lakini baadaye watasomeana kwa makundi ya watu wanne, shahidi mmoja kutoka kila safu.

Masharti ubaoni: hakuna kujitambulisha, hakuna methali mwishoni, na angalau jambo moja ambalo shahidi huyu peke yake anaweza kulijua.

Usiwaache waanze bila mfano. Hii ni mifano niliyoiandika mimi, nami huisoma kwa sauti bila kutaja msemaji, darasa likisie.

"Saa kumi za usiku nilikuwa macho. Nyanya hizi nimezitoa mbali, nimezipanga tano tano, nzuri juu, zilizolegea chini. Mteja wa kwanza alikuja akaondoka. Wa pili alikuwa anafungua mkoba. Ndipo hicho kipikipiki kikaja na kelele zake, na kijana aliyekipanda hata hakunitazama. Alitazama mayai. Mayai! Na vyangu je?"

"Nilikuwa polepole. Sokoni pale wote wananijua. Mbuzi alitokea kushoto, breki ikashika, nikasikia ukelele nyuma yangu. Kugeuka, mayai yamedondoka, nyanya zimemwagika. Watu wakajaa. Niliizima pikipiki kwanza, maana petroli ya siku hiyo nilikuwa nimeikopa."

"Mama alinihesabia mayai mara mbili, jioni na asubuhi. Thelathini. Nilikuwa nimefumba macho tangu tulipoiacha lami, kwa hiyo mbuzi sikumwona. Nilipofumbua niliona mikono yangu. Ilikuwa imekaa vile vile, kama vile bado imeshika trei."

Wakishakisia, waulize walijuaje. Watataja "kipikipiki". Watataja kwamba dereva hana kosa hata moja katika vitenzi vyake: breki ilishika, mayai yalidondoka, nyanya zilimwagika, na yeye alichokifanya ni kuzima injini tu. Watataja hesabu ya msichana. Mmoja aliwahi kuniuliza mbona mama wa nyanya amekiri kwamba zilizolegea alizificha chini. Nikamjibu kwamba kichwani mwake mwenyewe hiyo si siri wala si dhambi, ni namna ya kupanga nyanya. Angekuwa anamsimulia mkusanyaji ushuru, asingelitaja.

Hatua ya saba: mnyama na kitu

Hii ni kwa kipindi kinachofuata, na huwafurahisha hata wale wasiopenda kuandika. Ingia kwa kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Vitendawili vya aina hii vimefundisha mtazamo tangu zamani, kwani aliyekitunga alijiweka kwenye nafasi ya kifaranga akatazama kuta. Waambie kila mmoja atunge kitendawili kinachotegwa na kitu cha sokoni, kikisema "mimi" au "yangu", kisha akifungue kiwe aya.

Mbuzi wetu naye anastahili zamu yake:

"Ganda la ndizi liko ng'ambo. Nalisikia harufu. Kati yangu nalo kuna kitu kinachonguruma, lakini vinavyonguruma hupita siku zote. Nikavuka. Kikanyamaza. Miguu mingi ikaja mbio, na hakuna hata mmoja uliolitaka ganda langu."

Kosa la kawaida hapa ni mbuzi anayejua bei. Mbuzi hajui fedha, hajui neno "pikipiki", hajui kwamba amesababisha jambo. Kila mwanafunzi akimwandikia mbuzi wake maneno ya binadamu, rudini kwenye orodha ya asiyoyajua.

Kwa vitu, ngeli inakupa somo jingine. Jembe likisema lenyewe, linasema "nimechoka". Mkulima akilisemea, anasema "jembe limechoka". Msimulizi akiandika "Jembe amechoka", amekwisha kukubali kwamba jembe ni mtu, kama Sungura na Fisi wa hadithi. Waache wachague, lakini wachague kwa kujua, na wasibadilishe katikati ya ukurasa.

Kusahihisha bila kuua

Kalamu nyekundu iweke pembeni siku ya kwanza. Ninasoma kwa kutafuta vitu viwili tu. Napiga mstari chini ya sentensi moja ambayo hakuna shahidi mwingine angeweza kuisema. Nachora duara palipo na utelezi, yaani pale mwandishi alipotoka machoni mwa mtu wake na kujua asichoweza kukijua. Madaftari 80 kwa namna hii yanasomeka kwa jioni mbili. Makosa ya upatanisho nayaandika ubaoni siku inayofuata kama mali ya darasa, bila majina.

Kuhusu mazungumzo: mwanafunzi akimwandikia dereva wa boda maneno ya sokoni, "mimi nataka pesa yangu saa hii hii", usiyanyooshe ndani ya alama za kunukuu. Msimulizi aandike Kiswahili sanifu, mhusika aseme anavyosema. Wengine huogopa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mimi huwaeleza wanafunzi tofauti hiyo waziwazi, kwamba alama za kunukuu ni mlango wa nyumba ya mtu, na ndani mwake anaongea apendavyo.

Tahadhari moja ambayo siiwekei mzaha. Mkoani kwetu kuna watoto waliopoteza ndugu katika maporomoko ya ardhi ya Bududa mwaka 2010 na yaliyofuata, na kaskazini kuna familia ambazo vita havijaisha vichwani mwao. Usimlazimishe mtoto kuandika kwa macho ya aliyemuumiza, wala ya aliyemzika. Mpe shahidi wa mayai. Siku akitaka mwenyewe kuandika lile jambo kubwa, atakuletea, na pengine ataliandika kama jiwe au kama mti, kwa sababu kutoka huko anaweza kulitazama.

Hatua ya mwisho: mtu usiyekubaliana naye

Hii huifanya muhula wa tatu, wakati wameshazoea. Kila mwanafunzi anamchagua mtu wa nyumbani ambaye hakubaliani naye kuhusu jambo fulani, anamhoji, kisha anaandika ukurasa mmoja akiwa yeye. Sharti: mtu huyo akisomewa, ajitambue.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili alimchagua bibi yake, ambaye hakutaka Kiswahili kisemwe nyumbani kwake. Sisi wengine tunayajua mambo haya ya Kiswahili na wanajeshi kwa tarehe. Idi Amin alitawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, na mwaka 1973 akatoa amri Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Mwaka 1979 wakaja wanajeshi kutoka Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, nao Watanzania walisema Kiswahili hicho hicho, na watu wengi wakawaita wakombozi. Mwaka 2005 katiba ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kianze kutumika hivyo na kifundishwe kwa lazima. Bibi hakuyajua kwa tarehe. Aliyajua kwa kizuizi cha barabarani.

Msichana aliandika: "Neno la kwanza la Kiswahili nililolijua ni *simama*. La pili ni *toa*. Yalisemwa na kijana wa umri wa mwanangu. Sasa mjukuu wangu anarudi kutoka shule na kusema *shikamoo*, na mwili wangu unasimama kabla masikio hayajasikia vizuri."

Niliusoma ukurasa huo usiku, nikiwa peke yangu, nikaona kwamba mtoto huyu alikuwa ametumia "yalisemwa" kumweka askari nyuma ya maneno yake, kwa sababu bibi hakuwahi kumtaja kwa jina. Hakuna aliyemwelekeza.

Nilimwomba apate ruhusa ya bibi kabla ya kuusoma darasani. Alikwenda akamsomea, akimfasiria sentensi kwa sentensi. Aliporudi Jumatatu alikuwa amefuta mstari mmoja na kuandika mwingine juu yake kwa penseli. Bibi alisema neno la pili halikuwa *toa*. Lilikuwa *mama*. "Simama, mama." Aliitwa mama na kijana yule, na hilo ndilo lililomuuma miaka yote.

Kwa hiyo siku hizi, kazi hii nikiitoa, nawaambia waandike kwa kuruka mstari mmoja kila mara. Mhojiwa anahitaji nafasi ya kusahihisha.